Msiue Waya wa Maskini

Kila ofisi ya Nangina, huku Samia katika Kaunti ya Busia, ina droo isiyofungika vizuri. Iwe ni kwa karani wa shule ya bweni, kwenye maabara ya hospitali ya misheni au ndani ya kibanda cha saiba kando ya barabara, ukiivuta droo hiyo utakuta vitu vilevile: modemu ya intaneti ya zama za simu za Nokia, skana ya alama za vidole iliyoachwa na mradi uliokwisha, waya wenye kichwa cha USB upande mmoja na kichwa kipana cha pini tisa upande wa pili, na flashi tatu nne ambazo hakuna anayejua zina nini. Vingi havijaharibika. Ukivichomeka, taa inawaka. Ila kompyuta iliyokuwa ikivielewa ilikufa, na iliyoletwa mahali pake inatoa ujumbe uleule wa kukatisha tamaa: kifaa hakitambuliki.

Tumezoea kuupokea ujumbe huo kwa kuguna tu na kununua kifaa kingine. Nyuma yake, hata hivyo, kuna maamuzi ya watu: aliyeunda kifaa, aliyeandika programu, aliyekiingiza nchini na aliyetia sahihi hati ya kukinunua. Wa mwisho kuulizwa, na wa kwanza kulipa, ni yule aliyeketi mbele ya kompyuta.

Kwa msomaji wa Nairobi huenda hili likaonekana jambo dogo. Huko mtu akikwama anateremka Luthuli Avenue na saa moja baadaye amepata kingine. Huku Samia, kifaa kikigoma, safari ni ya Busia mjini. Ukikosa Busia unaagiza kwa basi, au unavuka mpaka hadi upande wa Uganda kuuliza kama kuna aliyeleta mzigo kutoka Kampala. Siku mbili tatu zinapita. Wagonjwa wanaandikwa kwenye daftari, karo inapokelewa kwa risiti za mkono, na kazi inarundikana ikisubiri kuingizwa upya kwenye mashine.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji ajue tunakoelekea. Mfumo endeshi wa kompyuta, kama Windows au Linux, unapaswa kukipokea kifaa kisichofuata kanuni, mradi kinafanya kazi yake bila kumdhuru mtu. Anayestahili kubanwa ni aliyekiunda kifaa hicho na aliyekiingiza kwa makontena, wala si karani wa Nangina aliyekinunua dukani kwa nia njema.

Tuanze na kanuni zenyewe. USB ilitangazwa mwaka 1996 na kundi la kampuni ambalo Intel, Microsoft na IBM zilikuwa ndani yake, na mhandisi anayetajwa zaidi katika kazi hiyo ni Ajay Bhatt wa Intel. Kabla ya hapo kila kifaa kilikuwa na tundu lake: kibodi tundu la duara, printa tundu refu la pini nyingi, modemu tundu la pini tisa. Ahadi ya USB ilikuwa tundu moja kwa vifaa vyote, uchomeke na ufanye kazi.

Atakayeelewa haraka utaratibu wake ni mtu anayevuka mpaka. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kizinduliwe rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi Februari 2018, msafiri hushughulikiwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Unafika, unajitambulisha, unataja utokako, unasema umebeba nini. Kifaa cha USB nacho hujieleza hivyohivyo kinapochomekwa. Kabla hakijafanya lolote, mfumo endeshi hukihoji, nacho hutoa namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa na namba ya kundi la kazi yake. Kundi la 3 ni la vifaa vya mkono, yaani kibodi na kipanya. La 7 ni la printa, la 8 ni la flashi na diski, la 14 ni la kamera za video. Kifaa kikitaja kundi linalojulikana na kikatenda kama kundi hilo linavyotakiwa, kinapita moja kwa moja. Ndiyo sababu kibodi uliyonunua sokoni Malaba hufanya kazi papo hapo kwenye Windows, kwenye Linux na hata kwenye televisheni ya sebuleni.

Halafu kuna namba 255. Kifaa kinachoitaja kinasema: kazi yangu anaijua aliyeniunda. Hapo mfumo endeshi hauna la kufanya mpaka upate draiva, ile programu ndogo ya mtengenezaji inayojua siri ya kifaa hicho. Skana nyingi za alama za vidole zimo humu. Mashine nyingi za maabara pia.

Tofauti moja kubwa na mpaka wetu ni kwamba afisa wa uhamiaji anaweza kuikagua pasipoti akajua ni ya kughushi. Mfumo endeshi, kwa miaka mingi, haukuwa na njia ya kufanya hivyo. Kila kilichoandikwa kwenye karatasi za kifaa kiliandikwa na kifaa chenyewe. Hilo tulishike, maana ndilo lililozaa vituko vyote vinavyofuata.

Kituko cha kwanza ni modemu. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, sisi wa huku mpakani hatukuuona waya. Tulichoona ni modemu ndogo za kuchomeka, nyingi zikiwa za Huawei, zenye laini ya simu tumboni. Wakazi wa Busia wanakumbuka pia adha yake: ukikaa vibaya karibu na dirisha, modemu inadaka mtandao wa Uganda na salio linayeyuka. Hilo ni la kampuni za simu. Kituko ninachokisema ni kingine. Ulipoichomeka modemu ile haikusema mimi ni modemu. Ilisema mimi ni kisomeo cha sidii. Ndani ya sidii hiyo ya uongo kulikuwa na draiva za Windows. Zikishawekwa, kompyuta hutuma amri fulani, modemu inajikata na kurudi tena mara hii kwa kazi yake halisi.

Kwa mwenye Windows ilikuwa akili nzuri, kwani hakuhitaji sidii ya kweli. Kwa mwenye Linux ilikuwa ni sidii tu, basi, na intaneti hakuna. Aliyekifungua kitanzi hicho ni Josua Dietze, mtu wa Ujerumani, aliyeandika programu ya usb_modeswitch. Kazi yake ni kuitambua modemu iliyojifanya sidii na kuitumia amri ya kugeuka. Kwa modemu nyingi amri hiyo ni ileile ya kutoa sidii kwenye kisomeo. Orodha ya modemu inazozijua imejazwa na watumiaji wa nchi mbalimbali, mmoja mmoja, kila mtu akituma namba za modemu aliyouziwa kwao. Watengenezaji wenyewe wangeweza kuichapisha orodha hiyo kwa ukurasa mmoja.

Simu za Nokia nazo zilikuwa na lao, na hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Mfumo endeshi hukiuliza kifaa cha kuhifadhi data: sehemu yako ya mwisho ni namba ngapi? Kwa kuwa hesabu inaanzia sifuri, kifaa chenye sehemu elfu moja kinapaswa kujibu 999. Vifaa kadhaa vilijibu 1000, yaani vilitaja idadi badala ya namba ya mwisho. Mfumo endeshi ukienda kuisoma sehemu hiyo isiyokuwapo, kifaa kinaduwaa. Simu kadhaa za Nokia, zikiwemo N80 na E61, zimo kwenye faili moja la keneli ya Linux, yaani kiini chake, linaloorodhesha vifaa vya USB vyenye tabia zisizo za kawaida. Mbele ya kila kifaa kuna alama inayosema kasoro yake ni ipi na isamehewe vipi: huyu mpunguzie moja kwenye hesabu, yule usimtumie mzigo mkubwa kwa mkupuo, huyu akikwambia kuna mabaki usimwamini. Mara nyingi juu yake kuna jina la mtumiaji wa kawaida aliyeripoti kasoro hiyo.

Faili hilo halina sifa duniani. Hakuna anayelitangaza kwa mabango. Lakini kwa nchi kama zetu, ambako simu na kompyuta hufika baada ya kutumiwa na mtu mwingine kwanza, naliona kuwa na thamani kuliko semina nyingi za kidijitali nilizowahi kuketi nikinywa chai. Limejengwa na watu waliokataa kusema kosa si letu. Kosa kweli halikuwa lao. Walilibeba kwa sababu anayeumia ni mtumiaji. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ana kanuni anayoisimamia kwa ukali usio wa kawaida: keneli mpya isiharibu kilichokuwa kikifanya kazi kwa mtumiaji jana. Mtu anaweza kumlaumu Torvalds kwa mdomo wake, na wengi wamemlaumu, ila kwa kanuni hiyo mimi niko upande wake.

Sasa tuuchukue ule waya wa pini tisa. Una kisa ambacho kila afisa wa ununuzi wa serikali ya kaunti angepaswa kukijua.

Waya huu hugeuza lugha ya USB kuwa lugha ya zamani ya mawasiliano ya pini tisa, ambayo bado haijafa. Fundi wa ving'amuzi vya televisheni huutumia kuingiza programu mpya. Mashine nyingi za kupima damu hutoa majibu kupitia tundu hilo, na mizani ya kielektroniki vilevile. Ndani ya kichwa cha USB kuna chipu ndogo inayofanya ukalimani, na chipu iliyojijengea jina kuliko nyingine ni FT232 ya kampuni ya FTDI ya Glasgow, Uskoti. Kwa kuwa ina jina, imeigwa. Chipu feki zilijitangaza kwa namba ya FTDI ili zitumie draiva ya FTDI bila gharama. Wizi huo haukubaliki, na kampuni ilikuwa na haki ya kukasirika.

Mwaka 2014 hasira hiyo ikatoka. FTDI ilitoa draiva mpya, nayo ikasambazwa kwenye kompyuta za watu kupitia masasisho ya kawaida ya Windows. Draiva hiyo ilikuwa na njia ya kuitambua chipu feki, na ikishaitambua iliandika sifuri kwenye kumbukumbu ya chipu hiyo, pale palipokuwa na namba ya bidhaa. Tazama uzito wa tendo hilo. Waya haukukataliwa tu na kompyuta ile; ulifutwa utambulisho wake. Ukiuchomoa na kuupeleka kwenye kompyuta nyingine, hata isiyokuwa na draiva mpya, nako haukujulikana tena. Mwenye waya hakuwa ameombwa ruhusa, na mara nyingi hakujua kuna chipu feki duniani. Alilala waya ukifanya kazi, akaamka umekufa.

Kelele zilikuwa kubwa, na draiva ile ikaondolewa Oktoba mwaka huohuo. Watu wa Linux nao walijibu kwa namna yao: waliongeza namba sifuri kwenye orodha ya vifaa ambavyo draiva yao inavitambua, ili waya uliouawa kwenye Windows ufufuke ukichomekwa kwenye Linux. Ni badiliko la mistari michache mno. Ndani yake kuna msimamo mzima wa maadili.

FTDI haikuishia hapo. Mwaka 2016 draiva nyingine haikuiua chipu feki bali iliifanya itoe, badala ya data iliyotakiwa, maneno ya kutangaza kwamba kifaa si halisi. Mtu wa kompyuta anaweza kucheka. Lakini upande wa pili wa waya huo si lazima awepo mtu. Huenda ipo mashine inayosubiri namba. Nani aliyefikiri itatokea nini mashine ya maabara ikiletewa maneno ya kulaumu mahali pa amri? Prolific ya Taiwan, inayotengeneza chipu za kazi ileile, ilichagua njia ya upole kidogo: draiva zake mpya hukataa tu kuzihudumia chipu za matoleo ya zamani. Katika kukataa huko, zimekataa feki na halali pamoja, na aliyenunua waya halisi miaka kumi na mitano iliyopita yuko kundi moja na aliyeuziwa wa kughushi.

Tusiwanyooshee kidole Waskoti peke yao. Serikali zetu zimeshika rungu hilohilo. Mwisho wa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilisimamia kuzimwa kwa simu feki, karibu milioni 1.9 kwa hesabu iliyotangazwa. Juni 2016 Tanzania nayo ikazima zake chini ya TCRA, mdhibiti wake wa mawasiliano. Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito: usalama, uhalifu, afya, kodi. Lakini simu hizo zilikuwa zimeingia kupitia bandari na viwanja vya ndege vyenye maafisa wa forodha na wa viwango, zikauzwa kwenye maduka yenye leseni, wengine wakapewa na risiti. Makontena yalipita, aliyezimiwa ni mama wa sokoni. Na hapa Busia kichekesho kilikuwa wazi kuliko mahali pengine popote nchini, kwa sababu Uganda ilikuwa haijazima. Simu iliyokufa upande wa Kenya ilikuwa hai kwa laini ya upande wa pili, mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Najua hoja ya wanaonipinga, na si ya kipuuzi. Wanasema huruma ya mfumo endeshi ndiyo inayolea uzembe. Kama kila kosa la kiwanda litasamehewa kwa mstari mmoja kwenye faili, kiwanda kitajirekebisha lini? Wanaongeza kwamba kila msamaha ni msimbo zaidi, na kila msimbo ni mlango zaidi wa mdudu kupenya.

Nakubali nusu. Huruma bila ukali mahali pengine ni kubembeleza uzembe, na ukali huo nitausema uelekezwe wapi. Lakini wanaodhani kufuata kanuni ni dalili ya uaminifu wanajidanganya, na flashi za sokoni zinatosha kuwaumbua. Flashi inayojiita ya GB 64 na ndani ina 4 tu ni kifaa kinachofuata kanuni za USB barabara. Kinajitambulisha vizuri, kinataja kundi la 8, kinajibu kila swali kwa adabu. Ni mwongo wa tabia njema. Utanakili picha za harusi, zitaonekana zote kwenye orodha, na siku ya kuzifungua utakuta zile za mwisho ni takataka. Kuna programu za bure za kumuumbua: H2testw kwenye Windows na f3 kwenye Linux, ambazo huijaza flashi yote kisha huisoma kuona kama kilichowekwa kimebaki. Inachukua muda, na muuzaji atakununia, lakini afadhali mnuno wake kuliko data yako.

Baya zaidi lilionyeshwa Las Vegas Agosti 2014 na watafiti wawili kutoka Ujerumani, Karsten Nohl na Jakob Lell. Walichukua vifaa vya kawaida vya USB, wakabadilisha programu iliyomo ndani, na flashi ikajitambulisha kuwa kibodi, ikaanza kuandika amri yenyewe. Kompyuta haikuwa na sababu ya kukataa. Kibodi ni kundi la 3, na kundi la 3 huaminiwa na kila mtu. Kwa hiyo kigezo cha usalama hakiwezi kuwa kanuni pekee. Modemu ya Huawei iliyojifanya sidii ilivunja adabu bila kumwibia mtu; flashi ya watafiti wale ilitimiza adabu zote huku ikishika kisu mgongoni.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa viwango hawapendi kulisema kwa sauti. Namba ya mtengenezaji hutolewa na shirika la USB-IF kwa ada ya maelfu ya dola. Kwa Samsung hizo ni fedha za chai. Kijana wa chuo cha ufundi akibuni kipima joto cha vifaranga na kutaka kukiuza kwa halali kikiwa na namba yake, ada hiyo inamshinda kabla hajanunua chipu ya pili. Baadhi ya hivyo tunavyoviita vifaa visivyofuata kanuni ni vifaa vya watu wasio na fedha. Mradi wa pid.codes umejaribu kuliziba pengo hilo kwa kugawa bure namba za bidhaa chini ya namba moja ya mtengenezaji, mradi mbunifu aiweke kazi yake wazi kwa wote. Vyuo vyetu vya kiufundi vingefaa kuwafundisha wanafunzi jambo hilo.

Na rahisi si lazima iwe feki. Chipu ya CH340 kutoka Nanjing, China, hufanya kazi ileile ya waya wa pini tisa kwa bei ya chini kabisa, ikiwa na namba yake yenyewe, bila kuiba ya mtu. Linux imekuwa na draiva yake kwa miaka mingi, na ya Windows inapatikana. Fundi wa Busia anayeagiza nyaya kwa wingi amwambie muuzaji anataka CH340 badala ya FT232 ya bei isiyowezekana. Ukiona chipu ya Uskoti inauzwa kwa bei ya karanga, jua haikutoka Uskoti.

Nimesema ukali uelekezwe mahali pake. Mahali hapo ni zabuni.

Chukua hospitali. Baada ya SHA kuchukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, tarehe 1 Oktoba 2024, hospitali zimetakiwa kumtambua mgonjwa kwa alama za vidole, na skana za kazi hiyo nyingi ni za kundi la 255. USB haina kundi la pamoja la skana za vidole ambalo watengenezaji wote wamelikubali na kulifuata, hivyo kila kampuni ina siri yake. Upande wa Linux kuna libfprint, programu iliyoandikwa na wapenzi wa kazi hiyo, nayo inazijua baadhi tu; U.are.U 4500, ile ambayo wengi wameiona kwenye kaunta, imo. Iliyo nje ya orodha hiyo inategemea draiva ya mtengenezaji, na draiva ina umri wake. Windows za biti 64 hazikubali draiva iliyoandikwa kwa biti 32. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haina toleo la biti 32 kabisa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiunganisha mambo hayo matatu utaona kinachozijaza droo za Nangina: kompyuta inabadilishwa kwa sababu za usalama, na kifaa kizima cha maelfu ya shilingi kinaachwa kwa sababu kampuni iliyokiunda haikuona faida ya kuandika draiva mpya, au haipo tena.

Shule nazo zina yao. Nyingi zimepata kompyuta zilizokwishatumika ughaibuni, njia ambayo shirika la Computers for Schools Kenya limeifanya kazi yake tangu mwaka 2002. Kwenye kompyuta hizo, Linux mara nyingi huziokoa printa na skana ambazo Windows mpya imezitupa, kwa sababu ile orodha ya misamaha haifutwi kwa kuwa kampuni fulani imechoka. Si mara zote. Kuna printa ambazo hata Linux imezinyooshea mikono. Lakini mwalimu anayetupa printa kabla ya kuijaribu kwenye Linux ametupa mali ya wazazi.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inatoa nafasi ya kuyazuia hayo kwenye zabuni. Kifungu cha 60 kinataka mahitaji ya kiufundi yajengwe juu ya utendaji wa kifaa na juu ya viwango vya kitaifa au vya kimataifa, na hakitaki yatajwe kwa jina la biashara la kampuni. Maafisa wetu hukisoma kifungu hicho kama kikwazo kwa kuwa kinawazuia kuandika jina la mashine waliyoizoea. Mimi nakisoma kama silaha. Hakuna kinachomzuia afisa kuandika kwamba kamera, printa, kisoma namba za bidhaa au kifaa chochote ambacho USB ina kundi lake, kifuate kundi hilo na kifanye kazi bila draiva ya ziada. Kwa kifaa cha 255, muuzaji akabidhi maelezo ya lugha ambayo kifaa kinazungumza, au msimbo wa draiva wenyewe, ili siku kampuni ikifa kijana wa hapa aweze kuandika nyingine. Na kabla ya malipo, kifaa kichomekwe mbele ya kamati kwenye kompyuta mbili, moja ya Windows ya sasa na moja ya Linux. Kazi ya nusu saa.

Wafadhili waambiwe hivyohivyo. Hospitali za misheni hupokea mashine kutoka kwa marafiki wa Ulaya na Marekani, na mila zetu hazimruhusu mtu kuitafutia zawadi dosari. Lakini kuuliza kabla haijapakiwa melini si utovu wa adabu: inatumia draiva gani, ya mwaka gani, na maelezo yake yako wapi? Rafiki wa kweli atajibu.

Kwa Kaunti ya Busia na bodi za shule na hospitali za Samia, ombi langu ni moja. Zabuni ijayo ya skana, printa au mashine ya maabara itakapofunguliwa, msitie sahihi kwa kutazama picha kwenye karatasi. Mleteni muuzaji, mpeni kompyuta ya ofisi ileile itakayotumika, na mwambieni achomeke.